Likizo Niliyodhani Auntie Mwende Anakunywa Damu

Wiki jana nilikuwa napita Riruta Satellite kutafuta vifungo vya sare ya binti yangu, nikasimama mbele ya turubai la muuza vitabu vya mitumba. Katikati ya vitabu vya biolojia vilivyokatika migongo na majarida ya mapishi kulikuwa na jalada jeusi lenye picha ya shingo ya msichana na matone mawili mekundu. Kilikuwa kitabu cha pili katika mfululizo wa vitano. Nilikiokota, nikakinusa kabla hata ya kukifungua, nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa. Sikumweleza kwamba likizo moja nzima, nilipomaliza darasa la sita, hadithi hiyo ilinifanya niamini kuwa dada mdogo wa mama yangu anakunywa damu ya watu.

Wa rika langu watakumbuka homa ile. Kila shule ilikuwa na msichana mmoja mwenye vitabu vya wanyonya damu, na wengine wote tulipanga foleni nyuma yake. Mimi sikupanga foleni, kwa sababu vyangu vilikuja nyumbani vyenyewe.

Tulikuwa tunaishi Silanga, kule Kibera, chumba cha tatu kutoka kwa muuza makaa. Mama alifua nguo kwa familia moja Kilimani. Binti wa nyumba ile alipomaliza sekondari, mama alirudi jioni moja na mfuko wa vitu ambavyo msichana huyo hakuvitaka tena: sweta mbili, viatu vilivyonipwaya, na vitabu vinne vinene vyeusi. Kulikuwa na cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha tano. Cha nne sijui kiliishia wapi. Kwa mama, kitabu chochote cha Kiingereza kilikuwa kitabu cha shule.

"Hivi vitakusaidia na Kiingereza," akasema, na hakufungua hata kimoja.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya msichana anayepelekwa kuishi kwa mjomba wake katika mji wa theluji huko milimani. Mjomba ni mpole, ana nyumba safi, lakini hali chakula na hatoki nje mchana. Pole pole msichana anagundua kwamba mjomba ni mnyonya damu. Nilisoma nimekaa juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, karibu na mlango palipokuwa na mwanga, nikaruka maneno niliyoshindwa nayo na kujaza pengo kwa akili yangu. Lipo neno moja la Kiingereza lililojirudia kila ukurasa, ambalo linaandikwa sawasawa na neno letu "pale". Nikalisoma hivyo hivyo. Uso wa mjomba ulikuwa pale. Mikono yake ilikuwa pale. Nilidhani mwandishi anataka tu kusisitiza kwamba mtu huyo yupo, haendi popote, anakutazama. Nikaogopa zaidi kuliko alivyokusudia mwandishi.

Likizo ya Desemba ilipoanza, nyanya alianguka kule Kitui akavunjika nyonga. Mama alifunga virago akaenda kumwuguza, akamchukua mdogo wangu ambaye bado alikuwa ananyonya. Mimi nikapelekwa Kawangware kwa Auntie Mwende, na vitabu vyangu vinne kwenye mfuko wa nailoni.

Auntie Mwende alikuwa fundi wa nguo. Chumba chake kilikuwa ndani ya ploti ya mabati, vyumba kumi vikitazamana, mfereji mmoja wa maji katikati. Cherehani yake ilikaa mlangoni, na wanawake wa ploti nzima walileta kwake vitenge vyao na sare za watoto. Nilikuwa nimemzoea kama mtu wa kelele. Akija kwetu Silanga, ulimsikia akicheka kabla hajafika kwa muuza makaa. Aliniinua na kunizungusha hata nilipokuwa nimeshakuwa mkubwa wa kuinuliwa.

Safari hii hakuniinua. Alinishika tu shavu, na mkono wake ulikuwa baridi kama chuma cha cherehani.

"Umekuwa mrefu," akasema. "Ingia ndani, hili jua linanimaliza."

Nikaingia. Cherehani haikuwa mlangoni tena. Alikuwa ameirudisha ndani, pembeni ya kitanda, na alishona kwa taa ya umeme mchana kweupe. Kile kioo kirefu cha wateja kilikuwa kimegeuzwa kikatazama ukuta. Alipika chakula kizuri, maharagwe na chapati, akanipakulia sahani ikajaa, yeye akakaa akanitazama nikila. Nilipomwuliza kwa nini hali, alisema hana hamu. Lakini baadaye nilimsikia akitafuna kitu, kru, kru, kru, na nilipogeuka alikuwa na kipande cha odowa mkononi, yale mawe laini ambayo wajawazito hununua dukani. Hakuwa mjamzito. Alikuwa anakula mawe kama mimi nilivyokula karanga.

Binti wa jirani aliitwa Nekesa. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja na Kiingereza chake kilikuwa bora kuliko changu. Mama yake aliuza sukuma wiki na managu kwenye lango la ploti, na kwa sababu hiyo alijua habari za kila mtu aliyeingia na kutoka. Nilimwonyesha Nekesa kitabu cha kwanza, naye akasoma ukurasa mmoja, akaanza kunicheka.

"Ati uso ulikuwa pale? Wewe! Hiyo si 'pale' ya Kiswahili. Hiyo ni kukosa damu. Mtu amekuwa mweupe kama karatasi."

"Mtu mweusi anaweza kuwa hivyo?"

Nekesa akafikiri kidogo. "Angalia viganja," akasema. "Na ndani ya macho."

Jioni hiyo, Auntie akipima urefu wa sketi yangu, niliangalia viganja vyake. Havikuwa na rangi yoyote. Vilikuwa kama unga. Alipoinama kutoa pini mdomoni nikaona na fizi zake, nazo zilikuwa vivyo hivyo. Kisha sindano ikamchoma kidole. Likatoka tone dogo sana, na Auntie, kama mafundi wote wafanyavyo ili wasichafue kitambaa cha mteja, akaweka kidole mdomoni na kunyonya. Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagonga mlango.

Bado nilimtetea moyoni kwamba si kweli. Lakini siku mbili baadaye mpira wangu wa karatasi uliingia chini ya kitanda, na nilipoingiza mkono kuutafuta nikagusa karai lililofunikwa na sahani. Nikalifunua. Ndani mlikuwa na maji mekundu, mazito, yenye harufu ya misumari, na vitambaa vimelowekwa humo. Nilifunika. Nikatoka nje nikakaa kwenye jua, mahali ambapo nilijua hawezi kunifuata.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kitu kuhusu miili ya wanawake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kitabu pekee kilichonieleza habari za damu ndicho kile nilichokuwa nacho.

Nilimweleza Nekesa kwenye mfereji, tukisubiri ndoo zijae.

"Auntie yangu ni vampaya."

"Wacha uongo."

"Haki ya Mungu. Ana damu kwa karai. Hali chakula. Jua linammaliza, alisema mwenyewe."

Nekesa hakucheka safari hii. Alibeba ndoo yake ikiwa nusu na kwenda zake. Nilikuwa nimemwapisha asimwambie mtu, naye akaapa, na najua leo kwamba alimwambia mtu mmoja tu, mama yake. Mama Nekesa hakuwa mtu mbaya. Lakini alikaa langoni, na kila aliyenunua mboga alipewa na lile neno. Sidhani alitumia jina la vampaya. Alisema damu, alisema karai, alisema Mwende hatoki mchana, na kila mtu akamalizia kwa hofu aliyokuwa nayo mwenyewe. Wengine walisema ni mambo ya shetani. Wengine walisema ni mimba ilitolewa.

Baada ya siku chache wanawake wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Walisimama nje, hawakuvuka kizingiti.

"Mwende, nirudishie kitenge changu. Sitaki tena."

"Lakini nimeshakata, Mama Shiro. Bado kushona tu."

"Hivyo hivyo. Nipe."

Auntie akawarudishia. Watoto waliokuwa wakija kuokota vipande vya nguo vya kushonea wanasesere hawakuja tena. Ilipofika Ijumaa, cherehani ilinyamaza. Auntie alikaa kitandani mikono juu ya magoti, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Wewe hucheza nao huko nje. Umesikia nini? Nimekosea nani?"

"Sijui," nikasema.

Ndilo neno zito kuliko yote niliyowahi kusema utotoni. Nilimwogopa, na wakati huo huo nilimwonea huruma, na mambo haya mawili hayakuonana kabisa ndani yangu.

Jumamosi, yapata saa sita, Mama Nekesa alikuja na wanawake wengine wawili. Walisimama katikati ya ploti karibu na mfereji. Milango yote ikafunguka nusu.

"Mwende!" akaita. "Sisi si watu wabaya. Toka tu hapa kwa jua dakika moja, haya maneno yaishe."

"Maneno gani, Mama Nekesa?"

"Toka tu."

Auntie alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu nifike. "Sasa mnadhani jua litanifanya nini?" Akafunga leso kiunoni, akashika ukingo wa mlango ajivute asimame.

Katika kitabu cha tatu, mjomba alitoka juani akawa jivu. Nililijua tukio lile neno kwa neno. Nikajikuta nimeshika sketi yake kwa mikono miwili.

"Auntie, usitoke! Tafadhali usitoke!"

Ploti nzima ilisikia. Auntie akageuka akanitazama, na taratibu nikaona uso wake ukielewa kitu, si chote, lakini cha kutosha.

"Hata wewe?" akasema.

Akatoa vidole vyangu kimoja kimoja kwenye sketi, akatoka. Alitembea mpaka kwenye mfereji, akasimama mbele ya wale wanawake, akainua viganja vyake juani ili wote waone.

"Haya. Nimetoka."

Hakuwa jivu. Alisimama tu, mwanamke mwembamba aliyevaa leso, akipepesa macho. Mtu mmoja akakohoa. Nadhani wangesambaa, kila mtu angerudi jikoni kwake na aibu yake. Lakini midomo ya Auntie ikabadilika rangi. Akanyoosha mkono.

"Mama Nekesa," akasema, "nishike."

Naye Mama Nekesa, aliyekuwa amerudi nyuma kuliko wote, ndiye aliyeruka akamdaka kabla kichwa hakijafika kwenye saruji. Alipomlaza aliona leso imelowa. Akaigusa, akaangalia mkono wake, akapiga kelele ambayo naisikia mpaka leo:

"Huyu hanywi damu, huyu anaimwaga! Leteni leso! Leteni mkokoteni, nyinyi mnaangalia nini?"

Sijawahi kuona watu wakibadilika haraka vile. Mama Shiro alileta blanketi lake zuri, lile la wageni. Wanaume wawili waliondoa mitungi ya maji kwenye mkokoteni, wakamlaza Auntie, wakakimbia naye hadi barabarani kutafuta gari la kumfikisha hospitalini. Mama Nekesa alikimbia kando, ameshika miguu yake juu. Mimi na Nekesa tulibaki kwenye ploti iliyokuwa kimya ghafla.

"Kwa hivyo si vampaya," Nekesa akasema.

"Sijui."

"Vampaya hatoki damu. Huingiza."

Hapo ndipo nikalia. Nililia kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu kwa wiki mbili nilikuwa nimelala kando ya mtu anayekufa nikijishughulisha na kulinda shingo yangu.

Mama Nekesa alirudi jioni, akanichukua kwake. Alitupikia ugali na managu, na tulipokula akatuketisha wote wawili karibu na jiko akatueleza bila kuzunguka. Kwamba kila mwanamke hutoka damu siku chache za mwezi, na sisi pia tutatoka, na si ugonjwa. Kwamba ya Mwende ilikataa kukoma kwa miezi mingi kwa sababu ya uvimbe tumboni, naye akaona aibu kumwambia mtu, akaogopa wakimpasua hatazaa. Damu ikipungua mwilini, mikono huwa baridi, mtu huishiwa nguvu, jua humletea kizunguzungu, na wengine hutamani kula mawe. Kila kitu nilichokiona kilikuwa kimeonekana vizuri. Nilichokosea ni jina tu.

"Daktari anasema anahitaji damu," akamalizia. "Nyingi. Kesho tunaenda kumtolea."

"Ya watu?" nikauliza.

"Sasa ya nani? Ya ng'ombe?"

Asubuhi walitoka wanane pale ploti, pamoja na Mama Shiro na mmoja wa wanaume wa mkokoteni. Niliwafuata. Nilikunja mkono wa sweta yangu mbele ya nesi nikamwambia mimi pia nataka kutoa, naye akanipima kwa macho akasema nirudi nikishakula ugali wa miaka saba. Mama Nekesa alitoka ndani na pamba imebandikwa mkononi, akaketi karibu yangu kwenye benchi, akanywa soda waliyompa. Hakuniangalia.

"Ni wewe ulimwambia Nekesa," akasema.

"Ndio."

"Na mimi nikaambia dunia." Akanywa tena. "Mimi nitamwomba msamaha wangu. Wako utauomba mwenyewe. Siwezi kukufanyia."

Mama alifika kutoka Kitui siku ya pili, macho yamevimba. Auntie alipasuliwa wiki hiyo hiyo. Tulikaa kwenye ile korido, mama akishika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, hadi daktari alipotoka akasema uvimbe umetoka, mji wa mimba umebaki, na mgonjwa ameamka anauliza nani anamtunzia cherehani. Mama aliteleza kwenye benchi akakaa chini sakafuni. Nilidhani amezimia. Alikuwa anacheka.

Auntie alirudi nyumbani kabla ya shule kufunguliwa. Alikatazwa kukanyaga cherehani kwa wiki sita, na kulala tu kulimchosha kuliko kazi. Wanawake walileta uji, walileta supu, walivuka kizingiti wakakaa kitandani. Mama Nekesa alikuja akafunga mlango, na sisi watoto tukiwa nje tulisikia wote wawili wakilia, halafu wakicheka. Nikauliza kuhusu kile kioo kilichotazama ukuta. Kilikuwa kimepasuka, basi. Hakutaka wateja wakione.

Alasiri moja tukiwa wawili tu, alisema, "Nisomee hivyo vitabu vyako. Lakini kwa Kiswahili, kichwa yangu imechoka."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikaanza kutafsiri. Msichana anapelekwa kwa mjomba. Mjomba hali. Mjomba hatoki nje mchana. Mikono ya mjomba ni baridi. Kadiri nilivyoendelea ndivyo sauti yangu ilivyopungua, mpaka ikaisha. Auntie alikuwa amefumba macho. Nilitamani awe amelala.

"Endelea," akasema.

"Auntie, ni mimi."

Akafungua macho.

"Ni mimi niliwaambia. Nilisoma hapa, halafu nikaona karai, nikadhani wewe ni kama huyu mjomba. Nikamwambia Nekesa. Ndio maana walichukua vitambaa. Uliponiuliza nikasema sijui, na nilijua."

Nje mtu alikuwa anajaza ndoo. Nilingoja aniambie nifunge mfuko wangu nirudi Silanga, na nilikuwa tayari, hata niliona ni haki.

"Ngoja," akasema. "Ulidhani nakunywa damu ya watu."

"Ndio."

"Na kila siku ulilala hapa. Kitanda kimoja na mimi."

"Ndio."

"Mbona hukutoroka?"

Nilifikiri. Sikuwahi kujiuliza.

"Ulikuwa unanipikia chapati," nikasema. "Na nilidhani ukizidiwa na njaa, utaanza na landlord."

Auntie Mwende alishika mshono wa tumbo lake kwa mikono miwili, akaniomba kwa jina la Mungu nisimchekeshe, na akacheka mpaka kule langoni Mama Nekesa akaacha mboga zake akaja kuuliza kuna nini.